Macmillan na mawaziri saba: uchambuzi wa kisa cha Julai 1962

Alhamisi jioni, tarehe 12 Julai 1962, Selwyn Lloyd, Waziri wa Fedha wa Uingereza, aliitwa na Waziri Mkuu Harold Macmillan. Walikaa kama dakika 45. Alipotoka hakuwa tena na wizara. Kufikia jioni ya kesho yake wenzake sita nao walikuwa wameondolewa. Saba kati ya mawaziri 21: theluthi nzima ya Baraza la Mawaziri ilitumbuliwa ndani ya takriban saa 24, na waliotumbuliwa hawakuwa mahasimu wa bosi wao bali watu waliomtumikia kwa miaka.

Waingereza waliupa mkasa huo jina la "Usiku wa Visu Virefu", kwa kejeli ya kuazima jina la mauaji ya Hitler ya 1934, ingawa sehemu kubwa ya kazi ilifanyika mchana kweupe na hakuna aliyetoka hata na mkwaruzo. Tangu hapo, kila Waziri Mkuu wa London anapopangua baraza lake kwa nguvu, mtu fulani atakikumbuka kisa hiki.

Hukumu inayorudiwa mara nyingi ni kwamba Macmillan aliingiwa na kiwewe akafyeka ovyo. Kiwewe kilikuwepo, sibishi. Ila ukiyapitia majina moja moja, ya waliotoka na ya walioingia, mengi yana hoja inayotetewa. Kilichomponza ni kuchanganya mambo mawili ambayo kila moja lilihitaji siku yake: kumwondoa Waziri wa Fedha kwa sababu ya sera, na kuwapumzisha wakongwe ili vijana wapate nafasi. Alipoyafanya kwa pamoja, yote mawili yakasomeka kama hofu. Kisha kuna suala la pili ambalo wachambuzi hulipita haraka, nalo ni mahali anapokwenda kuketi waziri wa Uingereza baada ya kufukuzwa.

Orpington na kodi ya pipi

Macmillan alishika uongozi Januari 1957, baada ya aibu ya Suez, yaani uvamizi wa Misri wa 1956 ulioshindwa, kumng'oa Anthony Eden. Alikuta chama cha Conservative kimevunjika moyo, akakisimamisha. Julai mwaka huohuo, akihutubia mjini Bedford, aliwaambia Waingereza kwamba wengi wao hawajawahi kuishi vizuri kama wakati ule. Kwenye uchaguzi mkuu wa 1959 wakamjibu kwa kumpa wingi wa viti 100 bungeni.

Mwaka 1961 upepo ukageuka. Nchi ilikuwa ikinunua nje kuliko inavyouza, pauni ikayumba, na mwezi Julai Lloyd akapandisha riba ya Benki Kuu hadi asilimia 7 na kutangaza kusimamishwa kwa nyongeza za mishahara. Agizo hilo liliwabana hasa watu ambao serikali ndiyo mwajiri wao: manesi, walimu, makarani. Fundi wa kiwanda binafsi mwenye chama imara cha wafanyakazi aliweza kumkaba tajiri wake akapata chochote. Nesi wa hospitali ya umma angemkaba nani? Watu wakaona dhuluma, na dhuluma ikaitwa kwa jina la Lloyd.

Tarehe 14 Machi 1962 ukafanyika uchaguzi mdogo katika jimbo la Orpington, kitongoji cha Kent ambacho wakazi wake hupanda treni kila asubuhi kwenda kwenye ofisi za London. Ilikuwa ngome. Mwaka 1959 Conservative walishinda hapo kwa tofauti ya kura 14,760. Safari hii mgombea wa chama cha Liberal, Eric Lubbock, aliwashinda kwa kura 7,855. Hao hawakuwa wapiga kura wa Labour, chama kikuu cha upinzani, waliokasirika. Walikuwa watu wa Macmillan mwenyewe, wenye nyumba za mkopo na bustani ndogo, walewale walioambiwa kwamba hawajawahi kuishi vizuri hivyo. Mwezi uliofuata Lloyd akasoma bajeti iliyotoza kodi pipi, aiskrimu na soda. Ukitaka kuchukiwa na wazazi na watoto kwa mpigo mmoja, hiyo ndiyo njia.

Ni lazima tuwe waadilifu kwa Lloyd. Sera ya mishahara haikuwa yake peke yake. Baraza zima liliibariki na Macmillan aliisimamia. Ugomvi ulikuwa juu ya hatua ya pili. Macmillan alikuwa mbunge wa Stockton katika miaka ya shida kabla ya vita, aliona kwa macho yake wanaume wazima wakizurura bila kazi, na maisha yake yote aliogopa kuubana uchumi kuliko alivyoogopa bei kupanda. Alitaka utaratibu wa kudumu wa kupanga mishahara kitaifa, na alitaka pesa zianze kuzunguka kabla ya uchaguzi. Lloyd, mwanasheria mwangalifu, alikuwa akienda polepole. Macmillan akachoka kumsubiri, akaanza kuuandika mpango huo yeye mwenyewe. Waziri Mkuu akishaanza kufanya kazi ya Waziri wa Fedha, siku za Waziri wa Fedha zinahesabika.

Chakula cha mchana kilichoharibu ratiba

Mwenyekiti wa chama, Iain Macleod, na mnadhimu mkuu wa wabunge, Martin Redmayne, walikuwa wakimsukuma Macmillan abadili sura za serikali. Alikubali, lakini alikusudia kuyafanya taratibu. Jumatano ya tarehe 11 Julai, Rab Butler, Waziri wa Mambo ya Ndani na mtu aliyefahamu mpango huo, alikula chakula cha mchana na Lord Rothermere, mmiliki wa gazeti la Daily Mail. Alhamisi asubuhi mpango ukawa ukurasa wa mbele wa gazeti hilo. Watu bado wanabishana kama Butler aliropoka au alipenyeza kwa makusudi; kwa tabia yake, ya kusema kitu nusu kwa utani nusu kwa kweli, yote mawili yanawezekana.

Siku hiyohiyo wapiga kura wa Leicester North East walikuwa wakipiga kura katika uchaguzi mdogo mwingine. Conservative wakaambulia nafasi ya tatu.

Ndipo Lloyd akaitwa jioni ile. Macmillan alimpa nafasi ya kupandishwa Bunge la Mabwanyenye (House of Lords), njia ya heshima ya kumtoa mtu jukwaani. Lloyd akakataa, atabaki Bunge la Makabwela (House of Commons), alisema, kama mbunge wa kawaida. Katika shajara yake Macmillan aliandika kwamba kikao kile kilikuwa kigumu na cha majonzi. Lloyd hakuwa na mke nyumbani wa kumliwaza, kwani ndoa yake ilikwishavunjika, na hata makazi aliyoyazoea wikiendi, jumba la Chequers, ambalo ni makazi ya Waziri Mkuu ya shambani, alikuwa ameazimwa na Macmillan. Husimuliwa kwamba siku za baadaye mawaziri walipokutana huko, labrador mweusi wa Lloyd alikuwa bado yupo, akizunguka kunusa miguu ya wageni kumtafuta bwana wake, na Macmillan akajifanya hamwoni.

Hapa ndipo nadhani uamuzi mbaya ulifanyika, usiku huo wa Alhamisi. Kuvuja kwa habari kulimlazimisha kuharakisha suala la Lloyd. Hilo linaeleweka, maana huwezi kumwacha Waziri wa Fedha akisoma gazetini kwamba anaondoka huku masoko yakimtazama. Hakuna kilichomlazimisha kuwafukuza wengine sita siku iliyofuata. Angeweza kumtangaza Waziri wa Fedha mpya Ijumaa, akaeleza sera mpya ya uchumi Jumatatu, na wakongwe wakaondoka vuli kwa barua za shukrani na picha za tabasamu. Lakini alishaanza kuhisi njama. Alijiona amezungukwa: Butler na mdomo wake, Lloyd na marafiki zake, chama kinachonong'ona. Akaamua kumaliza yote kwa pigo moja.

Ijumaa

Namba 10 Downing Street ilikuwa ikijengwa upya wakati huo, kwa hiyo mawaziri waliitwa Admiralty House, mtaa wa Whitehall. Wakaingia mmoja mmoja. Harold Watkinson wa Ulinzi. John Maclay wa Scotland. Lord Mills, waziri asiye na wizara maalumu, mzee wa zaidi ya miaka 70 ambaye hakuwa na kinyongo. Charles Hill wa Nyumba na Serikali za Mitaa, ambaye wakati wa vita sauti yake ilijulikana nchi nzima kama "daktari wa redioni". David Eccles wa Elimu, aliyekuwa na hamu ya Hazina na akaondoka bila chochote.

Na Lord Kilmuir. Huyu ndiye wa kutazamwa kwa makini. Alikuwa Lord Chancellor, yaani mkuu wa mahakama na pia msimamizi wa vikao vya Bunge la Mabwanyenye, tangu 1954. Kabla ya hapo, kwa jina lake la David Maxwell Fyfe, alikuwa miongoni mwa waendesha mashtaka wa Uingereza katika kesi ya viongozi wa Kinazi kule Nuremberg. Na yeye ndiye anayekumbukwa kwa kusema kwamba utiifu ndiyo silaha ya siri ya chama cha Conservative. Mtu huyo alipewa notisi ya saa saba. Inasimuliwa kwamba alilalamika kuwa hata mpishi hafukuzwi hivyo, na kwamba Macmillan alijibu kuwa kumpata Lord Chancellor ni rahisi kuliko kumpata mpishi mzuri. Kama jibu hilo lilitamkwa au lilitungwa baadaye klabuni, limedumu kwa sababu linafanana na Macmillan: mwenye maneno matamu, na ndani yake kisu.

Kati ya sita hao wa Ijumaa, baadhi walikwisha kuonyesha kwamba hawataki kuendelea muda mrefu. Hiyo ndiyo sehemu inayouma. Watu ambao wangetoka kwa hiari walitolewa kama wahalifu, na nchi ikawahesabu wote pamoja na Lloyd. Macmillan mwenyewe, akiandika kumbukumbu zake miaka mingi baadaye, alikubali kwamba kuifanya siku ya kumwondoa Lloyd kuwa siku ya kulisuka upya baraza zima lilikuwa kosa kubwa.

Walioingia, kwa upande wao, hawakuwa vibonde. Reginald Maudling, miaka 45, akachukua Hazina. Keith Joseph, 44, akapewa Nyumba. Edward Boyle, 38, Elimu. Michael Noble akaenda Scotland, Henry Brooke akachukua Mambo ya Ndani, na Enoch Powell, aliyekuwa Waziri wa Afya nje ya baraza, akaingizwa ndani. Butler alipewa cheo kirefu cha Waziri wa Kwanza wa Nchi na kuitwa naibu wa Waziri Mkuu, huku akinyang'anywa wizara yake. Cheo kilipanda, mamlaka yakashuka. Jambo la ajabu zaidi lilikuwa Ulinzi: ulikwenda kwa Peter Thorneycroft, Waziri wa Fedha aliyejiuzulu Januari 1958 pamoja na Powell na Nigel Birch kwa sababu Macmillan hakutaka kupunguza matumizi. Wawili kati ya wale watatu sasa walikuwa ndani ya baraza la mtu waliyemsusia.

Wa tatu, Birch, alibaki nje, na kalamu yake ilikuwa na wino. Jumamosi barua yake ikatoka katika gazeti la The Times, fupi kama telegramu: kwa mara ya pili Waziri Mkuu amemwondoa Waziri wa Fedha aliyejaribu kudhibiti matumizi, mara moja ilikuwa inatosha na kuzidi.

Wanaofukuzwa huketi wapi

Kwa msomaji wa Nairobi au Dodoma jambo hili linahitaji maelezo. Waziri wa Kenya wa leo, chini ya katiba ya 2010, si mbunge. Akitimuliwa anarudi kwake. Tanzania waziri aliyetumbuliwa hurudi kuwa mbunge wa kawaida, lakini Rais haketi bungeni wala hategemei kura za wabunge wa chama chake wiki hadi wiki ili abaki madarakani. Uingereza mambo ni tofauti. Kikatiba Malkia ndiye aliyeteua mawaziri kwa ushauri wa Waziri Mkuu, na kwa vitendo Waziri Mkuu aliamua peke yake. Ila alichagua kutoka miongoni mwa watu waliomo bungeni, na aliyefukuzwa alisogea viti vichache tu nyuma. Kuanzia siku hiyo, kila Waziri Mkuu alipohutubia, yule aliyefukuzwa alikuwa anamtazama kisogoni.

Wengi wa wale saba walikuwa mabwanyenye tayari au walipandishwa huko baadaye kidogo, na hivyo wakatoka njiani. Lloyd alibaki. Alipoingia bungeni kwa mara ya kwanza baada ya kufukuzwa, wabunge wa Conservative walimshangilia. Macmillan alipoingia, upande wake mwenyewe ulikaa kimya. Eden, mtangulizi wake ambaye tangu Suez hakuwa na desturi ya kumsema hadharani, alitamka kwamba Lloyd ametendewa kwa ukali. Labour wakaleta hoja ya kutokuwa na imani. Serikali haikuanguka, maana wingi wa 1959 ulikuwa bado upo, lakini heshima haihesabiwi kwa kura.

Dhihaka iliyomkaa Macmillan mwilini ilitoka kwa mbunge kijana wa Liberal, Jeremy Thorpe, aliyeugeuza mstari wa Injili ya Yohana: hakuna aliye na upendo mwingi kuliko huu, wa mtu kutoa rafiki zake kwa ajili ya uhai wake.

Faili la Kenya

Habari hii ilitufikia na sisi, ingawa magazeti ya London hayakuipa nafasi. Maudling alipokwenda Hazina alikuwa ametoka kuwa Waziri wa Makoloni, kiti alichokikalia tangu Oktoba 1961 alipompokea Macleod. Katika miezi ile tisa aliongoza mkutano wa Lancaster House kuhusu Kenya, kuanzia tarehe 14 Februari hadi 6 Aprili 1962, ambapo KANU ya Jomo Kenyatta na KADU ya Ronald Ngala zilikubaliana, kwa meno yaliyokenuliwa, kuunda serikali ya pamoja chini ya mfumo wa majimbo, yaani kila jimbo kuwa na madaraka yake. Zanzibar nayo ilikuwa na mkutano wake hapohapo Lancaster House mwezi Machi, na Uganda ikawa na wake jijini London mwezi Juni.

Wino haujakauka, Maudling kaondoka. Makoloni yakapewa Duncan Sandys, juu ya wizara ya Jumuiya ya Madola aliyokuwa nayo tayari. Mwelekeo wa kuelekea uhuru haukubadilika. Hilo lilikwisha kuamuliwa. Kilichobadilika ni kwamba aliyetoa ahadi ya majimbo na aliyetakiwa kuilinda hawakuwa tena mtu mmoja. KANU iliposhinda uchaguzi wa Mei 1963 na kudai katiba ilegezwe, Sandys, katika mkutano wa Septemba na Oktoba mwaka huo, aliegemea upande wa mshindi. Ngala na wenzake walihisi wamesalitiwa. Sisemi kwamba Maudling angesimama nao. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe. Lakini mpango wowote wa kugawana madaraka humhitaji mtu mmoja anayekumbuka kwa nini uliandikwa vile, na kwa upande wa London mtu huyo alikuwa Hazina akihesabu pauni.

Mwaka mmoja baadaye

Lloyd hakulipiza kisasi waziwazi, na huo ndio ulikuwa ujanja wake au wema wake. Alikubali kazi ya kuchunguza hali ya matawi ya chama, akazunguka nchi katika baridi kali ya mwanzoni mwa 1963, akinywa chai na wenyeviti wa matawi ambao wengi walimwonea huruma. Macmillan, wakati huo, alikuwa akipigwa kila upande: Januari, Charles de Gaulle alimfungia mlango wa Soko la Pamoja la Ulaya, na kiangazi kikaja na kashfa ya John Profumo, waziri wake aliyelidanganya Bunge kuhusu uhusiano wake na mwanamke. Katika kashfa hiyo alihitaji chama kimwamini kwa neno lake tu. Imani hiyo alikuwa ameitumia mwaka mmoja kabla, siku ya Ijumaa, kwa watu ambao wangeondoka wenyewe.

Oktoba 1963 akaugua tezi dume, akajiuzulu. Kazi ya kuwauliza mawaziri wanamtaka nani ilifanywa na Lord Dilhorne, yuleyule aliyewekwa mahali pa Kilmuir. Butler, ambaye wengi walidhani zamu yake imefika, akakosa tena. Lord Home akachukua uongozi, Lloyd akiwa miongoni mwa waliomuunga mkono, na Lloyd akarudishwa barazani kama kiongozi wa shughuli za serikali bungeni. Mwaka 1971 wenzake walimchagua kuwa Spika.

Maudling alifanya alichoajiriwa kufanya. Bajeti yake ya 1963 ilipunguza kodi, uchumi ukashika kasi, madukani pakachangamka, na bidhaa za nje zikaingia kwa wingi kuliko zilivyotoka. Tarehe 15 Oktoba 1964 Labour walishinda kwa wingi wa viti vinne tu, kwa hiyo huwezi kusema mkakati wa pesa kuzunguka haukusaidia kitu. James Callaghan alipoingia Hazina alikuta nakisi ya malipo ya nje ya takriban pauni milioni 800, kubwa kuliko ile iliyomfanya Lloyd apandishe riba. Inasemekana Maudling, akipita mlangoni na koti lake mkononi, alimwomba radhi kwa kumwachia mambo katika hali ile, kisha akaenda zake.